Kuhamisha nafasi kutoka /home kwenda /var: uchambuzi wa kisa kimoja cha LVM

Hifadhidata imegoma kuandika, na logi za mfumo zinarudia sentensi moja tu: `No space left on device`. Seva ina diski mbili, SSD ndogo na diski kubwa ya sahani zinazozunguka, na zote zimeingizwa kwenye kundi moja la LVM (mfumo wa Linux wa kugawa nafasi ya diski katika voliumu) linaloitwa vg0. Mtu akitazama `df -hT` haraka haraka haoni sababu ya kilio hicho:

```
Filesystem            Type  Size  Used Avail Use% Mounted on
/dev/mapper/vg0-root  ext4   40G   14G   24G  38% /
/dev/mapper/vg0-var   ext4   59G   56G     0 100% /var
/dev/mapper/vg0-home  ext4  570G  148G  393G  28% /home
```

/var, inakokaa data ya hifadhidata, imejaa pomoni, ilhali /home ina GiB 393 zisizo na kazi. Wazo la kwanza la wengi ni kukimbilia `lvextend`, amri ya kupanua voliumu. Inakataa, na `vgs` inaeleza kwa nini:

```
VG  #PV #LV #SN Attr   VSize   VFree
vg0   2   4   0 wz--n- 687.00g    0
```

VFree ni sifuri. Hapa ndipo wengi wanapochanganya mambo mawili. `df` inasoma nafasi iliyo ndani ya mfumo wa faili. `vgs` inasoma nafasi ambayo kundi bado halijamgawia yeyote. Zile GiB 393 ni kama chumba ambacho mpangaji amekilipia kodi: hata akiacha nusu yake tupu, mwenye nyumba hawezi kuipangisha kwa mwingine mpaka mpangaji airudishe. Kwa hiyo kazi yote ni kumfanya mpangaji wa /home arudishe sehemu yake, kisha apewe wa /var.

Kabla ya kugusa chochote

Kwanza thibitisha kwamba /var imejaa kweli. `df -i /var` inaonyesha kama zilizokwisha ni inodi (rekodi ambazo kila faili huhitaji moja) badala ya nafasi. Mamilioni ya faili ndogo za vikao au barua huweza kumaliza inodi huku nafasi ikiwepo. `lsof +L1` inaonyesha faili zilizofutwa lakini bado zimeshikwa na programu inayoendelea kukimbia. Logi ya GiB 20 iliyofutwa kwa `rm` hairudishi hata kilobaiti moja mpaka programu hiyo iiachie. `journalctl --disk-usage` nayo inastahili kuangaliwa, kwa sababu jarida la systemd hukaa /var/log/journal.

Katika kisa hiki yote matatu hayakuonyesha kasoro. Data ya hifadhidata imekua tu.

Kuna pumzi ya dharura inayopatikana papo hapo. Angalia tena mstari wa /var: ukubwa 59G, zilizotumika 56G, zilizobaki 0. GiB 3 zimekwenda wapi? Hiyo ni akiba ya asilimia 5 ambayo ext4, aina ya mfumo wa faili unaotumika hapa, humwekea root, mtumiaji mkuu wa seva. Ndiyo maana huduma zinazokimbia kama root bado zinaandika huku hifadhidata, inayokimbia kwa mtumiaji wake wa kawaida, ikiwa imesimama. Amri hii inapunguza akiba hiyo hadi asilimia 1 bila kuchomoa (unmount) kitu, na inaachia kama GiB 2.4:

```
tune2fs -m 1 /dev/vg0/var
```

Hifadhidata inainuka, watumiaji wanatulia, na sasa kazi yenyewe inaweza kupangwa kwa utulivu. Kupunguza voliumu huku watu wanapiga simu kila dakika ni njia nzuri ya kukosea namba.

Nafasi iko diski gani?

Swali hili wengi hawaliulizi, na katika kisa hiki ndilo linaloamua mpango mzima. LVM hugawa diski katika vipande vya ukubwa sawa, kwa kawaida MiB 4 kila kimoja, na voliumu ni orodha tu ya vipande hivyo. Ili kuona nani ameshika vipande gani:

```
pvs --segments -o pv_name,pvseg_start,pvseg_size,lv_name

PV         Start SSize  LV
/dev/sda3      0  10240 root
/dev/sda3  10240   2048 swap
/dev/sda3  12288  15360 var
/dev/sda3  27648  29184 home
/dev/sdb1      0 119040 home
```

sda3 ni SSD, sdb1 ni diski ya sahani. /home ina vipande 29184 (GiB 114) kwenye SSD na vipande 119040 (GiB 465) kwenye sahani, na imeanzia kwenye SSD ikamalizikia kwenye sahani. Sasa, `lvreduce` hukata kutoka mwisho wa voliumu. Ukiipunguza /home kwa GiB 199, zote 199 zitatoka sdb1. Ukiandika `lvextend` ya /var bila kutaja diski, LVM itachukua vipande vilivyopo, yaani vya sahani. Hifadhidata itakuwa na GiB 60 za mwanzo kwenye SSD na GiB 80 zinazofuata kwenye diski yenye kasi ndogo mno. Hakuna amri itakayolalamika, wala hakuna onyo litakalotokea. Wiki mbili baadaye watu wataanza kuuliza kwa nini ripoti zimekuwa nzito. Tena, voliumu ikiwa imelala juu ya diski mbili bila RAID (mpangilio wa kurudufisha data kwenye diski), diski yoyote kati ya hizo ikifa, voliumu nzima imekwenda nayo.

Mpango basi una hatua tatu, na mpangilio wake haubadiliki: punguza /home ili nafasi itokee sdb1; hamisha sehemu ya /home iliyo kwenye SSD iende sdb1; kisha ipe /var nafasi iliyobaki wazi kwenye SSD. Hatua ya pili haiwezi kutangulia ya kwanza, kwa sababu kwa sasa sdb1 haina hata kipande kimoja kilicho wazi cha kuhamia.

Hesabu zinakaa hivi. /home inashuka kutoka GiB 579 hadi 380, yaani vipande 97280. Kati ya hivyo 29184 viko sda3 na 68096 viko sdb1, kwa hiyo sdb1 inabaki na vipande 50944 wazi. Kuhamisha 29184 kunaingia bila tatizo na kuacha 21760. /var inahitaji GiB 80 zaidi, vipande 20480, na SSD itakuwa na 29184 wazi. Zinatosha. Andika namba hizi mahali kabla ya kuanza. Ndizo utakazolinganisha nazo kila hatua.

Nakala rudufu ya /home ni lazima, kwenye diski iliyo nje ya vg0. `rsync -aHAX /home/ /mnt/nje/home/` inatunza viungo vigumu, ACL (orodha za ruhusa) na sifa za ziada. Ikimaliza, fungua faili kadhaa kutoka kwenye nakala na uzisome. Nakala ambayo haijawahi kusomwa bado haijathibitika kuwa nakala.

Kuchomoa /home

Mfumo wa ext4 unaweza kupanuliwa ukiwa umepachikwa (mount), lakini kupunguzwa ni mpaka uchomolewe. Kinachokwamisha hapa kwa kawaida ni msimamizi mwenyewe: ameingia kwa SSH kama mtumiaji wa kawaida, akapanda kwa `sudo -i`, na kikao chake cha kwanza bado kimekalia /home. Ingia moja kwa moja kama root, kutoka konsoli ikiwezekana. Zuia wengine wasiingie:

```
touch /run/nologin
fuser -vm /home
```

Faili ya nologin ina maana yake. /home ikishachomolewa, saraka tupu yenye jina hilohilo inabaki kwenye voliumu ya root (/), na programu zinaweza kuandika humo. Ukipachika tena, faili hizo zinafichwa chini, zinakula nafasi ya root, na hakuna anayezikumbuka.

`fuser` inataja michakato iliyobaki. Simamisha huduma husika kwa `systemctl stop`, maliza vikao kwa `loginctl terminate-user`, kisha `umount /home`. Ikijibu `target is busy`, rudi kwenye `fuser`; kontena na NFS (ushirikishaji wa faili mtandaoni) ni washukiwa wa kawaida. Usiteleze kwenye `umount -l`. Hiyo inaondoa jina la /home tu huku mfumo wa faili ukiendelea kutumika kwa nyuma, na kuupunguza katika hali hiyo ni kujitafutia hasara.

Kupunguza: mfumo wa faili kwanza, voliumu baadaye

```
e2fsck -f /dev/vg0/home
resize2fs -P /dev/vg0/home
resize2fs -p /dev/vg0/home 370G
lvreduce -L 380G vg0/home
```

`resize2fs` haitakubali kupunguza bila ukaguzi wa `e2fsck -f`. Chaguo la `-P` linakadiria kiwango cha chini kabisa, kwa bloku si kwa GiB. Likijibu 40370176, zidisha kwa KiB 4 na utapata GiB 154. Lengo la 370 liko mbali na hapo, na hilo ni jema: ukiukandamiza mfumo wa faili hadi karibu na kiwango cha chini, `resize2fs` inabidi ihamishe karibu kila kitu, inachukua saa nyingi, na faili zinaachwa zimetawanyika.

Kwa nini 370 halafu 380? Ni pengo la usalama. Zana zote mbili zinahesabu G kwa 1024, kwa hiyo kinadharia 380 na 380 zingelingana. Ila LVM hulazimika kufuata vipande vya MiB 4, na binadamu hukosea tarakimu. GiB 10 za pengo zinarudishwa kwa amri moja mwishoni, kwa hiyo hazikugharimu kitu. `lvreduce -r` ingefanya yote haya kwa mpigo mmoja na kwa mpangilio sahihi, nayo ni chaguo la busara kwa kazi za kila siku. Kwenye diski yenye umri, afadhali kutembea hatua kwa hatua ili matokeo ya `e2fsck` yasomwe kabla ya kukata.

Usikatize `resize2fs -p` katikati, wala usiiendeshe kwenye muunganisho wa SSH usio na `tmux` au `screen`, zana zinazoacha kazi iendelee muunganisho ukikatika. Na soma alama kwenye amri ya mwisho. `-L 380G` maana yake ibaki 380. `-L -380G` maana yake ondoa 380, na /home ingebaki na GiB 199, chini ya ukubwa wa mfumo wa faili. Kistari kimoja tu.

`lvreduce` za matoleo ya zamani hutoa onyo la `THIS MAY DESTROY YOUR DATA` na kungoja y au n; onyo hilo hutoka hata kama umefanya kila kitu sawasawa, ndiyo maana watu wameshazoea kubonyeza y bila kusoma. Matoleo mapya hukagua kwanza ukubwa wa mfumo wa faili na kukataa ukiwa unazidi.

```
e2fsck -f /dev/vg0/home
mount /home
resize2fs /dev/vg0/home
rm /run/nologin
```

`resize2fs` bila namba inajaza voliumu yote, kwa hiyo mfumo wa faili unafika 380. Watumiaji wanaweza kurudi kazini sasa. Kuanzia hapa hakuna tena haja ya kusimamisha chochote.

Mpangilio ukigeuzwa

Tuseme mtu ameanza na `lvreduce` na kusahau `resize2fs`. Akijaribu kupachika, kerneli inasema:

```
EXT4-fs (dm-3): bad geometry: block count 151781376 exceeds size of device (99614720 blocks)
```

Soma namba hizo. 151781376 mara KiB 4 ni GiB 579, ukubwa ambao mfumo wa faili unaamini unao. 99614720 ni GiB 380, ukubwa wa voliumu kwa sasa. Mfumo wa faili umekatwa mkia. `e2fsck` nayo itaeleza tofauti hiyohiyo na kuuliza `Abort<y>?`. Jibu ni y, kila mara. Anayejibu n anairuhusu iutengeneze mfumo wa faili ulingane na kilichobaki, na kila kilichokuwa upande wa pili kinafutwa kwenye rejista.

Habari njema ni kwamba `lvreduce` hubadilisha orodha ya vipande tu. Haiandiki sifuri juu ya data. Kama bado hakuna voliumu iliyochukua vipande vile, rudisha voliumu kwenye idadi yake ya awali:

```
lvextend -l 148224 vg0/home
pvs --segments -o pv_name,pvseg_start,pvseg_size,lv_name
e2fsck -fn /dev/vg0/home
```

Katika kisa hiki vipande vilivyo wazi ni vile 50944 vya mwisho wa sdb1 pekee, kwa hiyo haviwezi kurudi vingine. Kwenye kundi lenye nafasi nyingine wazi, LVM inaweza kuchukua vipande tofauti, na hapo ulinganishe na faili ya /etc/lvm/archive iliyohifadhiwa kabla ya amri ile. `vgcfgrestore --list vg0` inaziorodhesha pamoja na amri iliyosababisha kila moja. Chaguo la `-n` kwa `e2fsck` linakagua bila kuandika.

Uokoaji huu unakufa katika hali mbili. Ya kwanza, /var imeshapewa vipande vile na kuandika juu yake. Ya pili haijulikani sana: `issue_discards = 1` ndani ya /etc/lvm/lvm.conf. Kwa kawaida ni 0. Ikiwa 1, `lvreduce` hutuma taarifa kwa diski kwamba vipande vilivyoachwa havina kazi, na SSD huvisafisha. Angalia mstari huo kabla ya kuanza, si baada ya ajali.

pvmove, kisha /var

/home ikiwa imepachikwa na watu wanaitumia:

```
pvmove -n home /dev/sda3 /dev/sdb1
```

`-n home` ndiyo inayobana amri ihusike na voliumu hiyo pekee. Bila hiyo, `pvmove` ingejaribu kuondoa kila kitu kilichoko sda3, pamoja na root na /var. Hapa ingekwama kwa kukosa nafasi, lakini kwenye diski kubwa zaidi ingehamishia mfumo mzima kwenye sahani bila kuuliza.

GiB 114 kwa mwendo wa MB 100 hadi 150 kwa sekunde huchukua kama dakika 14 hadi 20 diski ikiwa haina shughuli nyingine. Diski ikiwa na kazi, zidisha. `pvmove` hunakili kwa njia ya kioo cha muda (mirror, yaani nakala mbili zinazoandikwa pamoja), kwa hiyo umeme ukikatika data haipotei: seva ikiwaka, `pvmove` bila hoja yoyote inaendelea ilipoishia, na `pvmove --abort` inaacha. Gharama yake iko wazi na isifichwe: /home yote sasa iko kwenye diski ya sahani, na waliokuwa na faili zao kwenye SSD watahisi tofauti.

Sasa /var, ikiwa imepachikwa na hifadhidata ikifanya kazi:

```
lvextend -r -L +80G vg0/var /dev/sda3
```

Alama ya + ina uzito uleule wa kistari cha awali. `-L 80G` bila + ingeifikisha /var kwenye GiB 80 jumla, yaani nyongeza ya 20 tu, na ungeshangaa kwa nini imejaa tena baada ya muda mfupi. `-r` inapanua mfumo wa faili papo hapo. Kutaja /dev/sda3 mwishoni ndiko kunakofunga mlango wa sahani.

Kama voliumu iliyojaa ingekuwa root badala ya /var, amri hii ingeweza kukataa kwa sababu nyingine kabisa: LVM huandika nakala ya taarifa zake ndani ya /etc/lvm kabla ya kubadilisha kitu, na hakuna nafasi ya kuandika. Futa megabaiti chache kwanza, kashe ya vifurushi kwa mfano. `-A n` inaruka uandishi huo, ila unabaki bila faili ya kurudi nyuma.

Orodha ya vipande mwishoni:

```
PV         Start SSize  LV
/dev/sda3      0  10240 root
/dev/sda3  10240   2048 swap
/dev/sda3  12288  35840 var
/dev/sda3  48128   8704
/dev/sdb1      0  68096 home
/dev/sdb1  68096  29184 home
/dev/sdb1  97280  21760
```

/var imekuwa mfululizo mmoja wa GiB 140 kwenye SSD, kwa sababu vipande vilivyofuata baada yake ndivyo vilivyoachwa na /home. GiB 34 zimebaki wazi kwenye SSD na GiB 85 kwenye sahani. Kishawishi cha kuzimaliza kwa `-l +100%FREE` kikataliwe. Nafasi isiyogawiwa inaingizwa popote kwa sekunde chache bila kusimamisha huduma. Ikishagawiwa, kuirudisha kunadai usiku mwingine kama huu. /etc/fstab, orodha ya mifumo ya faili inayopachikwa seva inapowaka, haiguswi, kwa kuwa majina na UUID (vitambulisho vya mifumo ya faili) havijabadilika.

Kama /home ingekuwa XFS

Familia ya Red Hat Enterprise Linux hutumia XFS, aina nyingine ya mfumo wa faili, kwa chaguo-msingi tangu toleo la 7 la mwaka 2014, kwa hiyo hali hii ni ya kawaida sana. Kwa kazi kama hii, XFS hupanuliwa tu, haipunguzwi. Njia iliyobaki ni ndefu lakini nyoofu: nakili data nje, chomoa, `lvremove vg0/home`, `lvcreate -L 380G -n home vg0 /dev/sdb1`, `mkfs.xfs`, pachika, rudisha data. Faida yake ni kwamba `pvmove` haihitajiki, maana voliumu mpya inazaliwa moja kwa moja kwenye diski unayoitaka. Mambo mawili husahaulika: UUID inabadilika, kwa hiyo fstab iliyoandikwa kwa UUID itaikwamisha seva inapowaka, na kwenye mfumo wenye SELinux (ulinzi wa ziada unaotumia lebo za faili) endesha `restorecon -R /home`, la sivyo watumiaji wataingia kwa SSH na kukuta funguo zao zinakataliwa ingawa ruhusa za faili ziko sawa.